MAFUNZO YA AFYA: USINGOJE USIKU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Saa nane za usiku, baba mmoja anafika kwenye urjansi. Amebeba mtoto mwenye homa kali. Tunamuuliza: «Homa ilianza lini?» Anajibu: «Juzi. Mama yake alikuwa ananingoja nitoke kazini.» Juzi dispanseri ilikuwa wazi tangu asubuhi.

Kwa nini watu wanapita dispanseri na kungoja urjansi? Sababu tunazijua, na si za uongo:

1. Zamu. Anayetoka kazi ya usiku anataka kulala. Anayefanya ya asubuhi anaogopa kumwomba shefu ruhusa.
2. Mstari. Dispanseri ina watu wengi. Usiku wanafikiri watapokelewa upesi.
3. Pesa. Wananunua kwanza vidonge vichache sokoni. Homa inashuka kidogo, wanasema imepona.

Lakini angalieni hasara yake. Malaria kali inaweza kumwua mtoto kwa siku moja ao mbili. Juzi, tone la damu ya kidole lingetoa jibu kwa dakika 15 ao 20, na kama ni malaria, vidonge vya siku 3 vingetosha. Usiku huu anahitaji sindano za mshipa, na pengine kuongezwa damu.

Tansio nayo haipigi kelele. Urjansi itaishusha usiku mmoja tu. Dispanseri ina fishi yako: inajua ilikuwa ngapi mwezi uliopita. Na kikohozi kinachopita wiki 2 kinataka makohozi yapimwe, zaidi kwa sisi tunaovuta vumbi la mawe, kwa maana vumbi hilo hufungulia kifua kikuu mlango.

Hapa Kolwezi tuna zoni mbili za afya, Dilala na Manika. Katika kila zoni, mlango wa kwanza ni kituo cha afya. Lopitali kuu ni ya wale ambao kituo kimeshindwa kuwatibu.

NJOO URJANSI MARA MOJA, saa yoyote, kama:
– mtoto hawezi kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, anakakamaa na kutikisika, ao haamki;
– mtu anapumua kwa shida, ao kifua kinamuuma sana;
– mdomo umepinda ao mkono umelegea ghafula;
– mama mwenye mimba anatoka damu;
– mtu ameumia vibaya.

Kwa mengine yote, njoo dispanseri siku ile ile ugonjwa unapoanza. Ukitoka zamu ya usiku, pita kwetu kabla ya kwenda kulala.

Na wewe baba, leo kabla ya kwenda kazini, weka fishi ya mtoto mahali mama anapoiona, umwachie na pesa kidogo ya njia. Kisha umwambie wazi: «Mtoto akishikwa na homa, usiningoje.»