Kunyoosha Njia Katika Tambarare ya Tarbaj

Ukitoka mji wa Wajir ukashika barabara ya kaskazini, ile iendayo El Wak na Mandera, utapita Tarbaj. Simama kando ya barabara utazame pande zote nne. Nchi hii kwa jumla ni tambarare: mji wa Wajir wenyewe uko kiasi cha mita 240 tu juu ya usawa wa bahari, na unaweza kutembea nusu siku bila kupanda kitu cha kukutoa jasho. Vichaka vya migunga mbele, vichaka vya migunga nyuma, mchanga mwekundu katikati. Sasa chukulia kwamba mtu amekupa ramani na dira, akakuonyesha duara dogo lililochorwa umbali wa kilomita moja, akasema: katikati ya duara hilo kuna bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe, kila upande wake una sentimita 30. Kaitafute, kisha uende kwenye ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Anayemaliza mapema ndiye mshindi.

Huo ndio mchezo wa orientiringi, yaani mbio za ramani na dira. Ulianzia kwa wanajeshi wa Skandinavia, na shindano la kwanza la raia lilifanyika karibu na mji wa Oslo, Norway, tarehe 31 Oktoba 1897. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1961. Wengi huudhani ni mchezo wa misitu ya baridi na vilima. Mimi nauona ni mchezo wa kufundishia sayansi, na sioni darasa lake lililo bora kuliko nchi tambarare, mahali ambapo hakuna mlima wa kukunong'oneza ulipo.

Tuanze na swali la kitoto: kwa nini mtu asiende tu moja kwa moja?

Kwa sababu hawezi. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwatuma watu katika msitu mpana wa Bienwald na katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia, wakawaambia: nyoosheni njia. Kila mmoja alibeba chombo cha GPS cha kurekodi alikopita. Walioliona jua walinyoosha vizuri. Waliotembea msituni siku ya mawingu walizunguka, na baadhi yao wakakata njia yao wenyewe bila kutambua kwamba wamerudi palepale. Kule jangwani mmoja alitembea usiku wa mbalamwezi. Mwezi ulipofichwa na mawingu, akageuka mpaka akawa anarudi alikotoka. Waliofungwa macho kabisa walichora miduara ambayo mingine haikufika mita 20 kutoka ukingo hadi ukingo.

Wengine husema ni mguu mmoja kuzidi mwingine urefu. Watafiti walilipima hilo wakaona silo. Mtu yule yule aliweza kuvuta kulia, kisha kidogo akavuta kushoto. Sababu ni kwamba hisia yetu ya "mbele" hubeba kosa dogo katika kila hatua, na makosa hayo hayafutani. Hujikusanya. Shika neno hilo, ndugu msomaji, maana sayansi yote ya mchezo huu inalizunguka: kosa hujikusanya mpaka kitu cha nje kije kulifuta.

Cha kwanza cha nje ni jua. Simika fimbo ya mita moja ardhini, wima, kukaribia saa sita mchana. Weka kijiwe penye ncha ya kivuli. Subiri nusu saa, weka kijiwe cha pili. Kwa kuwa jua husogea kuelekea magharibi, ncha ya kivuli husogea kuelekea mashariki. Kwa hiyo kijiwe cha kwanza ni magharibi na cha pili ni mashariki, na mstari unaoviunga umekupa pande mbili za dunia bila shilingi kukutoka mfukoni.

Tarbaj iko karibu digrii 2 kaskazini mwa Ikweta, na jambo hilo lina matokeo ambayo vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya havikuambii. Huko kwao jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Hapa huhama. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba hupita juu ya utosi, na fimbo yako hukosa kivuli kwa muda mfupi. Mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, na fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 40 hivi kinachoelekea kusini. Desemba hugeuka: kivuli huelekea kaskazini na hukaribia nusu mita. Na adhuhuri yenyewe haiji saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, nao uko ng'ambo ya mpaka, Somalia. Jua hulifikia eneo la Tarbaj dakika 20 hivi baadaye, na kadirio hilo hupanda na kushuka kwa majira. Mwanafunzi anayekariri kwamba "jua la mchana liko kusini" atapotea Juni akiwa na uhakika kamili, na huo ndio upotevu mbaya zaidi.

Usiku una fimbo zake. Nyota ya Kaskazini, tegemeo la mabaharia wa Ulaya, hapa iko digrii 2 tu juu ya upeo wa macho. Vumbi kidogo au kichaka kimoja huimeza. Lakini nyota tatu zilizopangana za mshipi wa Orioni ziko karibu kabisa juu ya ikweta ya anga, kwa hiyo huchomoza mashariki barabara na kutua magharibi barabara. Tena kwetu nyota hupanda wima, hazitambai kwa mshazari kama zinavyofanya kaskazini ya mbali, hivyo nyota inayochomoza hubaki upande uleule kwa muda mrefu. Wafugaji wa Kisomali waliishi na elimu hii. Muusa Galaal aliiandika mwaka 1968 katika kitabu chake kuhusu elimu ya nyota na hali ya hewa ya Wasomali. Kundi ambalo sisi Waswahili tunaliita kilimia, wao huliita Urur. Mswahili aliangalia apande lini, Msomali aliangalia mvua ya ngamia wake.

Dira nayo inataka kueleweka kabla ya kuaminiwa. Sindano ni sumaku ndogo inayojilaza sambamba na nguvu ya sumaku ya dunia. Nguvu hiyo haiendi kaskazini tu. Pia huingia ardhini au hutoka ardhini. Ulaya ya kaskazini huingia kwa mwinamo mkali, kwa hiyo ncha ya kaskazini ya sindano hutaka kuzama, na watengenezaji hutia uzani upande wa kusini ili sindano isawazike. Ikweta ya sumaku, mahali ambapo nguvu hiyo hulala sawasawa, hupita Ethiopia. Tarbaj, ingawa kijiografia ni kaskazini mwa Ikweta, kwa sumaku iko kusini: ncha ya kusini ndiyo inayotaka kuinama. Chukua dira iliyosawazishwa kwa Sweden uilete hapa, na ule uzani wa kusini utaongeza mwinamo badala ya kuuondoa. Sindano itakwaruza, itakwama, na mkimbiaji atasoma uongo. Ndiyo maana kuna dira zinazotengenezwa kwa kanda. Ukinunua, uliza ya kanda yako, na ukiisoma simama mbali na pikipiki, simu, na nyuzi za chuma za ua.

Hata dira nzuri husomwa na mkono wa mwanadamu, na mkono hutikisika. Kosa la digrii 1 kwa kilomita moja ni mita 17 na nusu. Digrii 5, kosa la kawaida kabisa kwa anayekimbia, ni karibu mita 87. Katika vichaka vya migunga mtu anaweza kuipita bendera ya sentimita 30 hatua chache tu asiione. Kwa hiyo mkimbiaji mwerevu haipigii bendera shabaha kutoka mbali. Hutafuta kwanza kitu kikubwa kisichoweza kumponyoka. Kwetu vitu hivyo vipo: laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, silanga ya maji, barabara, njia ya ngamia inayoelekea kisimani. Ikiwa bendera iko kando ya laga, usiilenge yenyewe, maana ukifika kwenye laga bila kuiona hutajua kama iko kulia au kushoto. Lenga makusudi mita 100 kushoto kwake. Ukigusa laga, geuka kulia bila kuuliza. Umelikubali kosa, ukalichagulia upande.

Umbali hupimwa kwa miguu. Pima mita 100 kwa kamba, kimbia mara kadhaa, hesabu kila mguu wa kushoto unapotua, uandike wastani wako. Fanya hivyo kwenye njia ngumu, kisha kwenye mchanga, maana mchanga hufupisha hatua. Usidhani hesabu hii ni mchezo wa watoto. Yuko sisimizi wa jangwani aitwaye Cataglyphis, ambaye akipata chakula hurudi shimoni kwake kwa mstari mnyoofu. Mwaka 2006 Wittlinger, Wehner na Wolf walionyesha namna anavyopima safari: waliwabandika baadhi yao nywele za nguruwe miguuni, wakawa warefu kama wachezaji wa ngongoti, na wengine wakawafupisha miguu. Wenye ngongoti walilipita shimo, wenye miguu mifupi wakaishia njiani. Idadi ya hatua ilikuwa ileile, hatua zenyewe ndizo zilizobadilika.

Binadamu naye ana vifaa vya jinsi hiyo kichwani. John O'Keefe alionyesha mwaka 1971 kwamba katika ubongo wa panya kuna chembe zinazowaka mnyama anapokuwa mahali fulani tu. May-Britt na Edvard Moser, huko Trondheim, walieleza mwaka 2005 chembe nyingine zinazowaka kwa mpangilio kama wa gridi ya ramani. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Mfumo huu hukadiria ulipo kila unapopiga hatua, na makadirio hayo huchakaa kama yale ya watu wa Bienwald, hadi uone alama unayoifahamu.

Hapo ndipo ninapotaka kuueleza umakini, kwa sababu makocha wengi huwaambia vijana "kaza akili" kana kwamba akili ni ngumi. Nafasi ya kumbukumbu tunayoitumia papo kwa papo ni ndogo. Nelson Cowan aliikadiria mwaka 2001 kuwa mambo manne hivi. Mkimbiaji akiweka humo mpinzani aliyempita, kosa la bendera iliyopita, na nafasi atakayoshika mwishoni, imebaki nafasi moja ya ramani. Fikra huhama kama miguu inavyohama, kidogo kidogo, na mwenyewe hahisi. Dawa ni ileile: alama za nje, kwa vipindi vifupi. Kidole gumba kikae juu ya ramani pale ulipo na kisogee unaposogea. Ramani igeuzwe ili kaskazini yake ielekee kaskazini ya nchi. Na kila mita 100 au 200 mtu ajiulize: niko wapi, kitakachofuata kuonekana ni nini, nitajuaje kama nimekipita? Asiyeweza kujibu asimame. Sekunde 10 za kusimama ni nafuu kuliko robo saa ya kuzunguka.

Joto huila akili kabla ya kuila miguu. Mwili unaokimbia hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, na Wajir hewa yenyewe mara nyingi hupita nyuzi 35, kwa hiyo njia kubwa ya kulitoa ni jasho kukauka. Kijana wa kilo 60 akipoteza asilimia 2 ya uzito wake amepoteza lita 1 na robo hivi, kiasi anachoweza kukitoa kwa saa moja. Hapo moyo hupiga haraka zaidi kwa kazi ileile, na umakini huanza kulegea. Ukiona mwenzako anaitazama ramani kwa muda mrefu bila kusogeza kidole, mpe maji kwanza.

Umakini pia haupaswi kuwa upofu. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2009 huko Miskolc, Hungary, Msweden Martin Johansson alichomwa pajani na kijiti kirefu akiwa katika mbio za kupokezana. Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Anders Nordberg wa Norway na Michal Smola wa Jamhuri ya Czech, wote wakiwa wanawania medali, waliacha mbio wakamhudumia. Uswisi ikashinda. Sheria za mchezo humtaka kila mshindani amsaidie aliyeumia, na watatu wale walikuwa na nafasi ya kutosha vichwani mwao kuikumbuka.

Walimu wa Jiografia wa Tarbaj na kaunti nzima ya Wajir, somo la kusoma ramani mnalo tayari kwenye silabasi, na ramani za Idara ya Upimaji zipo, ingawa kwa sehemu kubwa ya kaskazini ni za kipimo cha 1:100,000, yaani sentimita moja kwa kilomita nzima, ndogo mno kwa mbio. Choreni yenu ya uwanja wa shule na vichaka vinavyouzunguka, sentimita moja kwa mita 100. Chukueni fimbo, kamba na vitambaa sita vya rangi. Watoeni watoto wawili wawili, asubuhi na mapema, kila mmoja na chupa ya maji, na wawe wamerudi wote kabla ya saa nne.