Kwa Nini Duara Hutoka na Pembe?

Mwanafunzi akichora duara kwa kompyuta, kisha plota ikamtolea mstari wenye vipembe, hulaumu wino. Mara nyingi wino hauna kosa. Programu nyingi huligawa duara katika vistari vifupi vilivyonyooka kabla ya kulipeleka kwenye mashine.

Tuchukue nusukipenyo cha milimita 100 na vistari 36. Kila kistari hukabili pembe ya 10° kwenye kitovu. Nusu yake ni 5°. Pengo kati ya katikati ya kistari na duara la kweli ni 100 (1 − kosaini 5°), yaani milimita 0.38. Pengo hilo linazidi unene wa mstari wa milimita 0.35, na fundi akatapo bati kwa kuufuata mchoro huo, kifuniko hakitakaa sawasawa.

Tutumie vistari 180. Nusu ya pembe huwa 1°, na pengo milimita 0.015: vistari vimeongezeka mara 5, kosa limepungua mara 25. (Wanafunzi na wathibitishe wenyewe kwa jedwali la kosaini.) Kupita hapo ni kuichosha kompyuta bure, kwani plota ya nukta 600 kwa inchi huacha milimita 0.042 kutoka nukta hadi nukta.