Kufundisha Kupima Hoja: Mdahalo Juu ya Mabwawa ya Mito

Mara nyingi midahalo ya shuleni huishia katika makelele, na ushindi hupewa wenye sauti kubwa. Mwalimu akusudiaye kufundisha kufikiri hana budi kuchagua mada ambayo kila upande una ukweli wake. Kwa shule za Tunduma na Mkoa mzima wa Songwe, mada hiyo iko karibu: je, yafaa kujenga mabwawa katika mito?

Madhumuni

Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi wa Darasa la Sita aweze:
(a) kutaja faida na hasara za bwawa;
(b) kueleza ni nani apatao faida na ni nani apatwaye na hasara;
(c) kutetea upande asioupenda.

Maelezo kwa mwalimu

Iko mito miwili iitwayo Songwe, isichanganywe. Mmoja huingia Ziwa Rukwa. Tunaouzungumzia hapa hupita mpakani, kati ya Wilaya ya Ileje na nchi ya Malawi, kisha huingia Ziwa Nyasa. Wakati wa masika hufurika katika uwanda wa chini, na pengine huhama njia yake, hata shamba likabaki ng'ambo ya pili. Kwa hiyo Tanzania na Malawi zilibuni mpango wa bwawa la kupunguza mafuriko, kumwagilia mashamba ya pande zote mbili na kuzalisha umeme wa megawati 180 hivi.

Watetezi waweza kutaja Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, lenye uwezo wa megawati 2,115. Wapinzani watazame kwa jirani zetu wa Zambia. Bwawa la Kariba, lililojengwa katika Mto Zambezi miaka ya 1950, liliwahamisha Watonga wapatao 57,000. Aidha, ukame wa mwaka 2024 ulipunguza maji ya Kariba, na Zambia ikakosa umeme kwa saa nyingi kila siku.

Hatua za somo

1. Weka udongo katika sinia iliyoinamishwa kidogo, uchimbe mfereji, kisha umwage maji yenye tope. Ziba mfereji katikati kwa ukuta wa mfinyanzi, umwage tena. Wanafunzi waseme waonacho: juu ya ukuta maji hutanda na tope hutuama, chini yake mfereji hukauka.

2. Uliza ni nani wapendao bwawa. Hao wapewe kazi ya kulipinga, wasiolipenda walitetee. Wapewe dakika kumi za kuandaa hoja.

3. Kila hoja ifuatwe na ushahidi. Asemaye "nadhani" aulizwe: "Umejuaje?"

4. Hoja zipimwe. Mwanafunzi akisema, "Bwawa litatufaa sote," mwalimu aulize: "Sote ni akina nani?" Chora ubaoni safu tatu: waishio juu ya ukuta, waishio chini yake, na waishio mbali. Ndipo darasa litakapoona kwamba taa ya dukani Tunduma na shamba la mahindi bondeni havimo katika safu moja.

Tahadhari

Huenda katika darasa lako yumo mtoto ambaye wazazi wake hulima kando ya mto. Kwake yeye neno "kuhamishwa" lina maana ya nyumba na makaburi ya wazee wake. Asilazimishwe kusimulia habari za kwao, wala asichekwe. Mwalimu naye asitoe hukumu mwishoni. Akifanya hivyo, wanafunzi watakariri jibu lake na kuacha kufikiri.

Tathmini

Kila mwanafunzi aandike sentensi tano: hoja moja iliyomgusa kutoka upande wa pili, sababu yake, na sharti moja ambalo angelidai litimizwe kabla bwawa halijajengwa. Sharti hilo ndilo litakaloonyesha kama amepima kweli.

Zoezi kwa mwalimu-mwanafunzi

Andaa mdahalo kama huu juu ya jambo linalowagawa watu wa mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Andika kwanza hoja bora kabisa ya upande usiokubaliana nao.