Kidimbwi kikipigwa plasta upya, chunguza kabla ya watoto kuogelea

Huenda kidimbwi cha kuogelea cha mtaa unaoishi au cha shule ya mwanao kimefungwa kwa majuma kadhaa ili kipigwe plasta upya. Siku kinapofunguliwa, watoto hushangilia. Jioni hurudi nyumbani nyayo zikiwa nyekundu na magoti yamechubuka. Wazazi wengi hupaka dawa na kusahau. Hilo ni kosa, kwani sakafu yenye dosari ni suala la afya wala si la urembo tu.

Plasta ya kidimbwi aghalabu hutengenezwa kwa saruji nyeupe na unga wa marumaru. Saruji huendelea kukomaa kwa takriban siku 28, hata ikiwa chini ya maji. Katika siku hizo hutoa vumbi jeupe la chokaa. Lisipopigwa brashi, vumbi hilo hugandamana na plasta na kukwaruza kama msasa. Kwa upande mwingine, maji yenye asidi nyingi huila plasta na kuacha vishimo.

Si kila dosari ni ya kuogopwa. Madoa yanayotofautiana rangi kidogo, au mistari myembamba kama unywele, kwa kawaida huudhi macho tu. Dosari zinazodhuru mwili ni hizi:

1. Ukwaruzo. Pitisha soksi kuukuu ya nailoni juu ya plasta. Ikinaswa, ngozi ya mtoto nayo itachubuka. Mchubuko huwa mlango wa viini, vikiwemo virusi vinavyoleta chunjua nyayoni.

2. Plasta iliyoachana na ukuta. Igonge polepole kwa mpini wa brashi. Ikitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, huenda ikabanduka na kuacha kingo kali zinazoweza kukata mguu.

3. Vishimo na nyufa pana. Hapa mwani na viini hujificha, na klorini huvifikia kwa shida. Mwani pia hufanya sakafu iteleze.

Hatari hii si ya kubuni. Mnamo 1954, wataalamu nchini Uswidi walieleza ugonjwa wa ngozi uliowapata waogeleaji wa kidimbwi kimoja mjini Örebro. Wengi waliugua viwiko, mahali walipojikwaruza ukutani. Bakteria waliosababisha ugonjwa huo huitwa Mycobacterium marinum.

Je, ufanye nini? Katika majuma mawili ya kwanza, kidimbwi kipigwe brashi laini mara mbili kwa siku. Kipimo cha pH kipimwe kila siku na kiwekwe kati ya 7.2 na 7.8. Plasta mpya hukipandisha, na kikifika 8, sehemu kubwa ya klorini hupoteza makali yake. Maji yanaweza kuonekana safi ilhali viini vingali hai.

Palipobaki na ukwaruzo, fundi apasugue kwa msasa wa majini. Kusugua plasta ikiwa kavu hurusha vumbi linaloweza kudhuru mapafu. Plasta iliyoachana na ukuta haina budi kukatwa na kupigwa upya.

Jihadhari na anayekuambia kuwa asidi humaliza kila dosari. Asidi huondoa uchafu uliogandamana, lakini pia hula plasta, na ikizidi huacha sakafu ikikwaruza kuliko awali. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi, aliyevaa glavu, miwani na kinga ya pua. Asidi ndiyo humiminwa katika maji, kamwe si maji katika asidi. Tena isikutane na klorini, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Mtoto akichubuka, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, na asirudi kidimbwini hadi lipone. Uvimbe au kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa kipelekwe kwa daktari, naye aambiwe kuwa mtoto huogelea. Habari hiyo ndogo inaweza kumsaidia kutambua ugonjwa mapema.

Na kabla ya kumlipa fundi salio lake, vua viatu utembee sakafuni mwenyewe. Nyayo zako zikilalamika, za mtoto zitalia.