SOMO LA AFYA: MAZOEZI YA NYUMBANI KWA MGONJWA WA MOYO

Maji ya Mitema hupandishwa hadi vijiji vya Uwanda wa Makonde kwa nguvu ya pampu. Pampu ikidhoofika, maji hayafiki juu hata kama visima vimejaa. Moyo uliodhoofika nao ni hivyo hivyo: hausukumi damu ya kutosha, maji hujikusanya miguuni na mapafuni, na mtu hutweta apandapo mwinuko mdogo.

Ugonjwa huu si wa wazee peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa 1,006 wa nchi 9 za Afrika, ulionyesha kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na sababu kuu ilikuwa shinikizo la damu. Huo ni umri wa mkulima ambaye bado anategemewa na mikorosho yake na watoto wake.

Wengi wao wana shida ya pili, yaani kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu hukoroma, hunyamaza sekunde 10 au zaidi, kisha hushtuka akitafuta hewa. Mwenyewe hajui, ajuaye ni mwenzake wa chumbani. Mchana husinzia. Basi mwanachama anayesinzia kila mkutano asiitwe mvivu, bali ashauriwe kwenda kupimwa.

Zamani mgonjwa wa moyo aliamriwa kulala tu. Utafiti wa watu 2,331 uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mazoezi ni salama kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Lakini kupanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, kubeba gunia la korosho au mashine ya salfa, si mazoezi. Kazi hizo hazina kipimo. Mazoezi yana kipimo.

Utaratibu ni huu:

1. Kwanza apate ruhusa ya daktari, kwa mfano Ndanda, Mkomaindo au Newala. Dawa zisiachwe.

2. Atembee mahali tambarare, wakati wa ubaridi, dakika 5 hadi 10. Aanze na kumaliza polepole. Kila wiki aongeze dakika chache mpaka afikie 30, siku 5 kwa wiki.

3. Aweze kuzungumza akitembea. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

4. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja na kutafuta msaada.

5. Ajipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 katika siku 3, aende hospitali. Asiye na mizani abonyeze mguu kwa kidole. Shimo likibaki, maji yamejaa.

6. Usiku alalie ubavu, kichwa kikiinuliwa. Aepuke uraka na gongo, kwani pombe hulegeza koo. Mazoezi hupunguza kukatika kwa pumzi, lakini hayaondoi haja ya matibabu.

Kama vikundi vya Mtu ni Afya vilivyofanya mwaka 1973, wanachama walisome somo hili pamoja na kujibu:

(a) Ni nani chamani hutweta au husinzia, na nani atamsindikiza hospitali?

(b) Msimu ukifika, nani atambebea magunia yake mpaka ghalani?

(c) Nani atatembea naye jioni?