SOMO: KOMPYUTA IMEONGEZWA KIFAA, SASA HAIWAKI



Siku hizi daftari la wanachama, hesabu za ada na barua za madai za matawi mengi zimo ndani ya kompyuta. Kompyuta ikichoka, tawi halina fedha ya kununua mpya. Linanunua kipande cha memori au diski, na mwenzetu mmoja anaombwa aifungue akiweke. Akimaliza anabonyeza swichi, kioo kinabaki cheusi. Hapo lawama zinaanza: "Fulani ameua kompyuta." Penye mwajiri mkali, mshahara unatajwa kukatwa siku hiyo hiyo.

Neno kubwa la somo hili ni moja. Kompyuta iliyowaka jana, na leo haiwaki baada ya kuongezwa kifaa, ichunguzwe kwanza pale palipoguswa. Mara nyingi hakuna kilichoungua. Kuna kitu hakikukaa sawa, au kuna vitu viwili havipatani.

1. Usalama kwanza

Chomoa waya wa umeme ukutani. Kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani upungue. Kabla ya kushika kipande chochote, gusa chuma cha boksi kwa mkono mtupu, maana umeme mdogo wa mwilini ambao hatuusikii unaweza kuharibu memori. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani usikifungue kamwe. Umeme wa hatari hubaki ndani yake hata baada ya kuchomolewa.

2. Tazama na usikilize

Usiseme tu "haiwaki". Kuna kutowaka kwa namna tatu, na kila namna ina mahali pake pa kutafuta.

(a) Kimya kabisa. Feni haizunguki, taa hakuna. Tazama waya wa ukutani, swichi ya nyuma ya boksi, waya mpana wa pini 24 unaoingia kwenye bodi kuu, na nyaya nyembamba za swichi ya mbele. Mkono ulioingia kuweka kifaa unaweza kuzilegeza.

(b) Feni inazunguka, kioo cheusi. Tazama memori: itoe, irudishe, ibonyeze mpaka vishikizo vyake vifunge. Tazama waya wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa. Usipoingia, feni zinaweza kuzunguka bila kazi kufanyika. Kama mmeongeza kadi ya picha, hakikisheni waya wa kioo umehamishiwa kwenye kadi hiyo, na kama kadi ina tundu lake la umeme, lisiachwe wazi. Mashine ikilia pii, hesabuni milio. Maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, basi isomwe katika kitabu cha bodi hiyo.

(c) Kioo kina maandishi, lakini mashine inasema haioni diski ya kuanzia. Tazama nyaya mbili za diski, wa umeme na wa data. Kumbukeni pia kwamba diski mpya ni tupu. Haina Windows mpaka iwekewe. Kama diski ya zamani bado imo, mashine iambiwe ianze na hiyo, kwa kupitia bayosi, yaani ile programu ndogo inayokaa katika bodi kuu.

3. Rudi nyuma hatua moja

Ondoa kipya, rudisha cha zamani, washa. Ikiwaka, mmekwisha kujua kwamba mashine ni nzima. Kisha weka kipya kimoja tu, washa tena. Ukiweka memori, diski na kadi kwa pamoja, huwezi kujua ni kipi kinachogoma. Baada ya memori mpya mashine nyingine huchukua dakika kadhaa kuizoea mara ya kwanza. Msiizime kwa haraka.

4. Je, vinapatana?

Memori ya DDR3 ina pini 240, ya DDR4 ina pini 288, na pengo la kila moja liko mahali tofauti. Isipoingia kwa upole, usitumie nguvu. Prosesa nayo inaweza kuingia katika soketi yake na bado isijulikane na bayosi ya zamani. Soketi ya AM4 ya AMD, iliyotoka 2016, imepokea vizazi kadhaa vya prosesa, lakini bodi nyingi za mwanzo zilihitaji bayosi mpya kwanza. Kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado imo.

Mipangilio ya bayosi ikivurugika, betri ya duara ya CR2032 ikitolewa kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa, katika bodi nyingi mipangilio hurudi ya kiwandani. Tarehe itabidi iwekwe upya. Lakini angalieni: Windows iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya mabadiliko ya namna hii. Ufunguo huo utafutwe kabla ya kazi, na usihifadhiwe ndani ya mashine hiyo hiyo.

5. Daftari ndiyo kinga ya mfanyakazi

Kabla ya boksi kufunguliwa, andikeni: tarehe, nani ameagiza kazi, nani anaifanya, kipande gani kinatoka na kipi kinaingia. Pigeni picha ya nyaya kwa simu. Nakala ya daftari la wanachama iwe katika diski nyingine. Kipande cha zamani kisitupwe wala kuuzwa mpaka kazi ithibitishwe.

Katika kiwanda kimoja karani aliambiwa alipe kompyuta nzima. Kamati ya tawi haikugombana na mtu. Iliomba memori ya zamani irudishwe mbele ya meneja. Mashine ikawaka. Ile mpya iliposukumwa vizuri, nayo ikawaka. Madai yakaishia hapo. Kama kipande cha zamani kingekuwa kimetupwa, yule ndugu angejitetea kwa nini?

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Feni inazunguka na kioo ni cheusi. Taja mambo matatu ya kutazama, kwa mpangilio.
2. Kwa nini tunaweka kifaa kimoja kimoja?
3. Nakala ya daftari la wanachama wa tawi lenu iko wapi leo, na nani mwingine anajua?
4. Mwajiri akimwagiza kwa mdomo mtu asiye fundi aifungue kompyuta, tawi lidai maandishi gani kabla kazi haijaanza?