UNAMTUMIA NAHODHA HELA YA MAFUTA? JUA KWANZA ANAVYORAMBAZA

Somo la leo ni refu kidogo, lisave ulisome taratibu ukifunga duka.

Linawahusu hasa wanaouza samaki wa bahari kwa status na kwa groupu huku wakiwa mbali na bahari kama mimi. Duka liko Makambako, wateja wangu wengine wako Njombe mjini. Huku watu wamezoea mbasa na dagaa wa Ziwa Nyasa kutoka Ludewa, na sato wa kugandishwa. Nguru na jodari ni bidhaa ngeni, bei yake iko juu, kwa hiyo mteja akila mara moja akakuta samaki mbaya, harudi. Na atamwambia jirani.

Wengi wetu tunanunua kwa mfumo wa kuchangia safari. Unamtumia nahodha hela ya mafuta na barafu, boti inatoka, mkipata mnagawana mzigo kwa bei mliyokubaliana. Ni mfumo mzuri, unapata samaki kabla hajapita kwenye mikono mitatu. Ila ujue hela yako inaungua baharini kabla hujaona hata mkia wa samaki. Kwa hiyo lazima ujue inaunguaje.

Mimi nimeishia kidato cha nne, uvuvi sijasomea. Haya nimefundishwa na nahodha tunayefanya naye kazi, kwa simu na kwa safari mbili nilizopanda chombo chake.

KURAMBAZA NI NINI

Ni kuvuta mishipi yenye ndoano na chambo nyuma ya chombo kinachotembea. Samaki wa maji ya wazi kama jodari, nguru, sehewa, fulusi na sulisuli hawakai kwenye shimo kusubiri. Wanawinda wakikimbia. Chambo kinachokimbia kinawaita. Hasara yake ni kwamba injini haizimwi. Kila saa ya kurambaza ni mafuta.

Sasa, maswali sita ya kumuuliza nahodha wako.

1. UNATEMBEA MWENDO GANI?

Mwendo wa chombo unahesabiwa kwa noti. Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Ukivuta chambo cha samaki halisi kwa ajili ya nguru, unakwenda polepole, noti 3 mpaka 6. Ukivuta chambo bandia kwa ajili ya jodari, noti 6 mpaka 9. Mtu anayevuta chambo cha samaki kwa noti 9 anakichana tu. Mtu anayevuta chambo bandia cha jodari kwa noti 3, jodari anakiona na kukipuuza.

Siku hizi manahodha wanapima mwendo kwa simu. Ni vizuri, ila kuna mtego. Simu inasoma mwendo wa chombo juu ya ardhi. Chambo kinahisi mwendo ndani ya maji. Pwani yetu ina mkondo unaokwenda kaskazini, na wakati wa kusi unakuwa na nguvu zaidi. Chukua mfano mkondo ni noti 2. Simu inasema noti 7. Ukielekea kaskazini chambo kinakwenda noti 5 tu. Ukigeuka kusini, simu bado inasema 7, chambo kinakwenda 9! Ndo maana boti inaweza kupata samaki ikienda na isipate ikirudi, mtu akasema bahati.

Dawa yake: angalia chambo, usiangalie simu peke yake. Chambo bandia cha juu kinatakiwa kizame kidogo, kiache mstari wa povu, kitoke, kizame tena. Kikirukaruka hewani muda wote, punguza mwendo. Kikilala tu bila povu, ongeza.

2. MISHIPI MINGAPI, NA IMEPANGWAJE?

Mishipi minne iliyopangwa vizuri inashinda sita iliyosokotana. Kanuni ni kwamba isiwe na urefu sawa. Miwili ya karibu na chombo, miwili ya mbali, ili chombo kikigeuka isikutane. Ya pembeni inatanuliwa kwa fito ndefu zinazochomoza kila upande. Hata mwanzi mrefu unafanya hiyo kazi, na mianzi sisi watu wa Njombe tunaijua.

Pia asitembee mstari mmoja kama treni ya TAZARA. Apinde pinde. Chombo kikipinda, mishipi ya upande wa ndani inapungua mwendo na kuzama kidogo, ya upande wa nje inaongeza. Samaki akigonga ya ndani mara mbili, bahari imeshakwambia: punguza mwendo, shusha chambo. Hiyo ni majaribio mawili kwa mafuta yale yale. Sawa na wewe unavyoweka picha mbili za bidhaa moja kuona ipi inaleta oda.

3. MWISHO WA MSHIPI KUNA NINI?

Nguru ana meno kama wembe. Ukimvua kwa nailoni tupu anakata, anaondoka na ndoano na chambo. Kwa nguru unahitaji kipande cha waya karibu na ndoano. Jodari ni kinyume. Meno yake hayakati hivyo, ila macho yake ni makali sana, waya akiuona anakwepa. Kwake inatakiwa nailoni nene inayopenya mwanga.

Na ndoano iwe kali. Jaribu kwenye ukucha: ikiteleza ni butu, ikikwama iko sawa. Tupa ya kunolea ni bei ndogo sana kuliko samaki wa kilo 8 aliyegonga akachomoka.

4. UNAPITA WAPI?

Bahari ni kubwa lakini samaki hawajatawanyika sawasawa. Nahodha mzuri anafuata alama. Ndege wanaodumbukia majini maana yake kuna samaki wadogo juu, na wakubwa chini yao. Gogo au takataka zinazoelea, fulusi hupenda kivuli chake. Mstari ambapo rangi ya maji inabadilika. Na ukingo ambapo kina kinashuka ghafla. Pwani yetu ina sehemu za namna hiyo, kwa mfano Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita. Ndo maana wavuvi wa kitalii wa Shimoni kule Kenya wameupenda miaka mingi.

Akikuta kundi la jodari asipite katikati. Apite pembeni, avute chambo kwenye ukingo wa kundi. Ukipita katikati kwa injini, kundi linazama na hela yako inazama nalo.

5. SAMAKI AKISHAGONGA, UNAFANYA NINI?

Hapa ndo sisi wauzaji tunapaswa kuwa wakali zaidi. Jodari si kama sato. Mwili wake unapata joto akipambana. Akivutwa muda mrefu, akaachwa anapigapiga kwenye sakafu ya boti, nyama yake inageuka, inakuwa ya kijivujivu, inapoteza ladha. Umeshawahi kuletewa jodari ambaye kwa nje ni mzuri, ukimkata nyama iko kama imepikwa? Mara nyingi chanzo ni hapo.

Utaratibu ni huu: mshipi wenye nguvu ili aingie haraka, auawe mara moja, achinjwe damu itoke, matumbo na matamvua yatolewe, aingie kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Hayo maji ya barafu yanamgusa pande zote, anapoa haraka kuliko mabonge makavu yaliyowekwa juu yake.

6. UMEBEBA BARAFU KIASI GANI?

Kwa joto la pwani, hesabu ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Akikwambia amebeba mabonge machache ya kupooza, mzuie kwanza.

Sababu yake si ladha tu. Jodari, sehewa, vibua, fulusi na jamaa zao wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza kemikali inaitwa histamini kwenye nyama. Mbaya zaidi, ikishatengenezwa HAIONDOKI. Ukikaanga ipo. Ukichemsha ipo. Ukigandisha ipo. Na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Mlaji anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, wengine wanaharisha, ndani ya dakika chache au saa chache. Watu wanasema ana mzio na samaki au karogwa. Mteja wako akikueleza dalili hizo mwambie aende hospitali, na mzigo ule simamisha kuuza siku hiyo hiyo.

Kuna kauli naisikia sana huku: "Njombe kuna baridi, samaki haharibiki." Ndugu zangu, baridi ya Njombe si barafu. Jodari anatakiwa akae karibu na nyuzi 0. Na kabla hajafika kwenye baridi yetu amesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar, amepita joto la Ruaha Mbuyuni ndani ya buti la basi. Deli lijazwe barafu, lifungwe kwa gundi ya karatasi, na lisifunguliwe njiani. Ukilipokea, cheki kama barafu bado ipo. Kama yote imeyeyuka na maji ni vuguvugu, usiuze.

HESABU SASA

Hii ndo sababu ya somo zima. Tuseme safari inagharimu 300,000 na inaleta kilo 30. Kila kilo imesimama 10,000 kabla ya nauli ya basi. Nahodha anapiga simu:

"Mwanangu, niongezee 60,000 ya mafuta nizunguke zaidi."

"Shikamoo nahodha. Nahodha, tufanye hesabu kwanza."

Safari inakuwa 360,000. Ili kilo ibaki 10,000 lazima alete kilo 36. Yaani kilo 6 za ziada, KILA safari atakayoomba hayo mafuta.

Sasa hiyo 60,000 iweke kwenye waya, ndoano, tupa na nailoni nzuri. Tuseme vinadumu safari 10. Ni 6,000 kwa safari. Unahitaji kuongeza chini ya kilo moja kwa safari ili hela irudi. Nguru mmoja tu ambaye angekata mshipi anailipa na chenji inabaki.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kutoa hela ni huu: barafu kwanza, vifaa vya mwisho wa mshipi pili, mafuta ya ziada mwisho kabisa.

Na msimu uzingatie. Kusi ikikaza, hasa Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka na vyombo vidogo vinapunguza safari. Usimlazimishe nahodha atoke kwa sababu una oda za watu. Mzigo unasubiri, roho ya mtu haina mbadala. Waambie wateja mapema kwamba miezi hiyo samaki ni wachache, wanaelewa.

KAZI YA KUFANYA WIKI HII

Moja, mwambie nahodha akirudi akutumie voisi fupi: mishipi mingapi, mwendo gani, chambo gani kiligongwa, saa ngapi, alikuwa anaelekea wapi. Wewe andika kwenye daftari. Yeye yuko baharini, wewe una kalamu. Baada ya safari kumi mtaona kinachojirudia, na mtaacha kulipia mafuta ya kubahatisha.

Mbili, chunguza samaki akifika. Macho maangavu, nyama inayorudi ukibonyeza, mashavu mekundu kama bado yapo. Samaki aliyelegea mwili mzima, mifupa imevunjika ndani bila alama ya ndoano, mkatae. Anaweza kuwa wa baruti, na uvuvi wa baruti ni kosa kisheria.

Tatu, badilisha tangazo lako. Badala ya "Nguru fresh wapo", andika: "Nguru wa mshipi, amevuliwa juzi usiku, amechinjwa na kuwekwa barafu boti ikiwa baharini, deli limefunguliwa Makambako leo asubuhi." Andika hivyo kama ni kweli tu. Mteja wa Njombe anayelipa bei hiyo anataka kujua analipia nini.

Kama bado huna leseni ya biashara ya samaki, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako uulizie.

Wewe unayeuza samaki, nahodha wako anatumia waya au nailoni tupu? Kama hujui, mpigie leo kabla hujatuma hela ya safari ijayo. Majibu atakayokupa yaandike hapo chini tujifunze wote.